Sura ya Sita: Nani Alipie Jaribio Linaloweza Kushindwa?

Kuna swali linalorudi kila mara mafundi wa Bunia, katika jimbo la Ituri nchini Kongo, wanapozungumza habari za umeme. Kama Wamarekani wanaweza kumpa fundi wa kawaida pesa za serikali ili ajaribu jambo jipya, kwa nini sisi tusiweze? Na swali likiulizwa, hakosi mtu wa kulikata: "Papa, serikali gani itakupa pesa ya kujaribu? Ukishindwa utairudisha na nini?"

Nitawajibu wote wawili, mwenye matumaini na mwenye shaka. Serikali za namna hiyo zipo, na utaratibu wao unajulikana hatua kwa hatua. Na ukishindwa, huirudishi pesa. Jibu hilo huwashangaza wengi, lakini ndiyo maana ya mpango wenyewe. Pesa inayodaiwa kurudi ni mkopo, na mkopo hupewa mtu anayejua tayari atauza nini na atamuuzia nani. Anayejaribu bado hajui.

Fundi anakwama wapi

Tuanze nyumbani. Mtambo wa maji wa Budana, kwenye mto Shari, ulijengwa enzi za Wabelgiji ili kuendesha migodi ya dhahabu ya Kilo. Taa za majumbani hazikuwa shabaha yake. Tangu hapo mji wa Bunia umefurika watu, wengi wao wakikimbia vita vya wilaya za Djugu na Irumu, na umeme uliokuwepo haukuongezeka kwa kasi hiyo. Kwa hiyo nyumba nyingi zinategemea jenereta ya jirani au paneli ya jua juu ya bati. Paneli zimeshuka bei sana kuliko zamani. Kinachowatesa watu ni betri.

Chukua betri ya kawaida ya risasi na asidi, ile nzito, yenye volti 12 na ampea-saa 100. Zidisha: ni wati-saa 1,200. Wati-saa ni kipimo cha umeme uliohifadhiwa. Wati-saa 1 huwasha kitu cha wati 1 kwa muda wa saa moja. Lakini betri ya aina hii ikikamuliwa kupita nusu kila siku hufa upesi, kwa hiyo cha kutumia bila kuiumiza ni wati-saa 600 hivi. Friji inayovuta wastani wa wati 50 itaumaliza umeme huo kwa saa 12. Mama muuza samaki aliyepokea mzigo kutoka Kasenyi, kwenye Ziwa Albert, siku mbili za mawingu zikifuatana, anawauza kwa bei ya hasara au anawakausha kabla hawajaoza.

Sasa mtazame fundi anayenunua betri mbovu za kompyuta. Anazipasua na ndani anakuta seli za lithiamu, kila moja na urefu wa milimita 65 na upana wa milimita 18, volti 3.6 au 3.7. Mara nyingi betri nzima huwa imekufa kwa sababu ya seli moja au mbili. Nyingine bado zina nguvu. Anazipima kwa multimeta, anazipanga zinazolingana, anaziunga, anafunga saketi ya ulinzi ili zisijazwe kupita kiasi. Taa inawaka. Mteja wa kwanza anaondoka ameridhika.

Hapo ufundi umekwisha na utafiti ndiyo kwanza unaanza. Multimeta humwonyesha volti za leo. Haimwambii seli inabeba umeme kiasi gani, wala kama itadumu miezi 3 au miaka 3. Ili ajue inabidi achukue seli 100, azijaze na kuzikamua mamia ya mara, aandike kila mzunguko, atenge zinazopata joto, akubali nyingine ziharibike mikononi mwake. Ni kazi ya nusu mwaka au zaidi. Inataka kifaa cha kupimia ujazo, umeme usiokatika, na mtu asiyeuza chochote muda huo wote. Na huenda mwishoni jibu likawa: seli hizi hazifai, zinaweza kuwasha moto.

Jibu hilo lina thamani kwa mji mzima, maana linaziokoa nyumba zisiungue. Lakini hakuna benki itakayotoa mkopo kwa ajili yake. Fundi ana watoto na karo. Mfanyabiashara mwenye pesa anaona ni heri alete kontena la betri kutoka Dubai au Kampala, faida yake anaijua. Basi jaribio halifanyiki, na betri zinaendelea kuuzwa kwa kubahatisha.

Fungu dogo kutoka bajeti kubwa

Wamarekani walilijadili pengo hilo miaka ya 1970. Serikali yao ilikuwa ikimwaga mabilioni ya dola katika utafiti, na sehemu kubwa ilikwenda kwenye vyuo vikuu na makampuni makubwa. Mwaka 1977 Roland Tibbetts, ofisa wa Wakfu wa Taifa wa Sayansi, alianzisha mpango mdogo wa kuyalipia makampuni madogo yajaribu mawazo ya kisayansi. Mwaka 1982 Bunge likautungia sheria na Rais Ronald Reagan akaitia sahihi. Mpango huo unajulikana kwa herufi SBIR, yaani utafiti wa ubunifu wa biashara ndogo. Mwaka 1992 ukapata mwenzake, STTR, unaoitaka kampuni ndogo ifanye kazi pamoja na chuo au taasisi ya utafiti.

Sheria haikutafuta pesa mpya, na hapo ndipo ilipokuwa na akili. Iliziambia idara zote za serikali zinazogharimia utafiti wa nje kwa zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka: tengeni fungu kwa ajili ya wadogo. Fungu lilianza na asilimia 0.2 likapanda kidogo kidogo hadi asilimia 3.2. Kampuni "ndogo" kwa sheria yao ni ile isiyozidi wafanyakazi 500. Kwa vipimo vyetu hilo ni dude kubwa, lakini wengi wanaoshinda ni watu wachache tu katika jengo la kupanga.

Pesa hutolewa kwa ngazi:

1. Kujaribu wazo. Miezi 6 hadi 12. Katika Idara ya Nishati ni dola 200,000 hivi. Swali ni moja: jambo hili linawezekana?
2. Kutengeneza mfano unaofanya kazi. Miaka 2 hivi na zaidi ya dola milioni 1. Kwa kawaida asiyepita ngazi ya kwanza haingii.
3. Kuuza. Pesa ya mpango inakoma hapa. Kampuni itafute mteja au mwekezaji, na mara nyingi mteja huyo ni serikali yenyewe.

Mkulima wa Irumu anaijua busara hii bila kusoma sheria ya mtu. Akiletewa mbegu mpya ya maharagwe haipandi shamba zima. Anaipa mistari michache pembeni, na ikikubali udongo, msimu unaofuata anaiongezea.

Serikali haichukui hisa katika kampuni, na kilichobuniwa hubaki mali ya aliyekibuni. Lakini serikali ndiyo inayotaja shida zinazotakiwa kutatuliwa. Idara ya Nishati hutoa orodha ndefu ya mada: betri, paneli, haidrojeni, kupunguza upotevu wa umeme, na kadhalika. Mwombaji hachagui tu ndoto yake. Anajibu swali lililoulizwa na mtu anayehitaji jibu. Mashindano mengi ya ubunifu katika Afrika Mashariki hukosa kitu hicho. Kijana anaombwa alete "wazo zuri", analeta, anapigwa picha na hundi kubwa ya karatasi, na hakuna ofisi iliyokuwa inalingoja wazo lile.

Mashine za kuharakisha chembe zinaingiaje hapa?

Katika orodha ya Idara ya Nishati, karibu na jua na betri, utakuta mada zinazomshangaza msomaji: viharakishi vya chembe. Kiharakishi ni mashine inayochukua chembe ndogo zilizomo ndani ya kila kitu, kwa mfano elektroni, na kuzisukuma kwa umeme hadi ziwe na mwendo mkali mno.

Aliyewahi kuwa na televisheni ya zamani yenye mgongo mnene alikuwa na kiharakishi sebuleni. Nyuma yake palikuwa na waya wa moto uliotoa elektroni, na umeme wa volti 20,000 hivi ukazivuta mbele mpaka zikakigonga kioo na kukiangaza. Mashine ya kutibu saratani kwa mionzi hufanya kazi ya aina hiyo hiyo kwa nguvu ya mamilioni ya volti. Elektroni zinagonga kipande cha tungsteni, zinatoa miale ya eksirei mikali, na miale hiyo inaelekezwa kwenye uvimbe. Mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa kiharakishi cha namna hii alitibiwa hospitali ya Hammersmith, London, mwaka 1953.

Idara ya Nishati inaingia kwa sababu ndiyo mmiliki wa maabara kubwa kama Fermilab na SLAC. Maabara hizo zinahitaji vipuri ambavyo haviuzwi dukani, na mtu wa kuvitengeneza ni fundi mdogo aliyebobea. Serikali inataja shida, inalipia jaribio, kisha inanunua.

Ipo kampuni iitwayo Niowave, iliyoanzishwa 2005 mjini Lansing, Michigan. Makao yake yako katika jengo lililokuwa shule ya msingi. Humo wametengeneza viharakishi vinavyotumia mitungi ya niobiamu, metali ambayo ikipozwa chini ya nyuzi 264 chini ya sifuri hupitisha umeme karibu bila kupoteza chochote. Baadaye wakageukia kutengeneza dawa za mionzi za kutibu saratani. California iko RadiaBeam, iliyoanza 2004, nayo inatengeneza viharakishi vidogo, vikiwamo vya kuchukua nafasi ya vyanzo vya mionzi vinavyoweza kuibwa na watu wabaya. Kampuni hizi zimepanda kwa ngazi zile tatu.

Niobiamu si metali ya mbali na sisi. Koltani, madini yanayochimbwa Rubaya, Kivu Kaskazini, ina tantalumu na niobiamu ndani yake, na Lueshe, wilayani Rutshuru, palikuwa na mgodi wa niobiamu kabisa. Leo sehemu kubwa ya niobiamu ya dunia hutoka Brazili. Sisi tunachimba mchanga kwa koleo, na ujuzi wa kuugeuza kuwa mtungi wa kiharakishi unalipiwa na mlipa kodi wa Marekani ndani ya shule kuukuu. Hakuna aliyetuibia ujuzi huo. Umelipiwa kidogo kidogo, kwa miaka mingi, na pamoja na majaribio yaliyoshindwa.

Mgonjwa anayevuka ziwa

Mtu wa Ituri anayepata saratani na kumudu nauli mara nyingi huelekea ng'ambo ya Ziwa Albert, Kampala. Kwa miaka mingi tiba ya mionzi ya hospitali ya Mulago mjini humo ilitegemea mashine moja tu, ya kobalti. Hiyo si kiharakishi. Ndani yake mna kipande cha kobalti-60 kinachotoa mionzi chenyewe, usiku na mchana, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 5 na ziada. Kadiri kinavyochoka, mgonjwa analala muda mrefu zaidi chini ya mashine kupata dozi ile ile. Mashine ya Mulago ilikuwa ya mwaka 1995. Mwaka 2016 ikaharibika isitengenezeke, na serikali ya Uganda ikabaki kupeleka baadhi ya wagonjwa Nairobi mpaka mashine mpya, nayo ya kobalti, ilipozinduliwa Januari 2018.

Kwa nini isinunuliwe mashine ya kisasa mara moja? Bei ni sababu, lakini si peke yake. Kiharakishi cha hospitali kimebuniwa kwa ajili ya jengo lenye umeme tulivu, maji ya kupozea na fundi anayefika siku hiyo hiyo. Watafiti waliwahi kulinganisha mashine za Oxford, Abuja na Gaborone. Mifumo ya hewa, ya kupozea na ya kuzalisha nguvu ilifeli katika miji ya Afrika zaidi ya mara mbili ya ilivyofeli Oxford, na mfumo wa ombwe, yaani ule unaoondoa hewa ndani ya bomba ili elektroni zipite bila kizuizi, ulifeli Abuja na Gaborone tu. Umeme ukikatika, pampu zinasimama. Pampu zikisimama, ombwe linaharibika. Na kulirudisha ombwe ni kazi ya masaa au siku.

Ndiyo maana tangu 2016 wanasayansi waliokutana CERN, maabara kubwa iliyoko Geneva, wamekuwa wakishughulikia kiharakishi kinachostahimili umeme unaoyumba, na wakawauliza madaktari wa Afrika mashine zao huharibikia wapi. Mtu wa Bunia ambaye friji yake imeungua mara mbili kwa umeme wa jenereta angeweza kuwaeleza mengi.

Jordan kuna kiharakishi kikubwa cha utafiti, SESAME, kilichofunguliwa 2017. Gharama ya umeme ilitishia kukifunga. Mwaka 2019 kikajengewa mtambo wa jua wa megawati 6.5 hivi, kwa fedha za Umoja wa Ulaya, kikawa cha kwanza duniani kuendeshwa kwa umeme wa jua. Nchi maskini kwa mafuta na maji iliona kwamba bila umeme nafuu sayansi yake ingekufa, ikaanza na umeme.

*Kwa ufupi hadi hapa:* pesa ya kujaribu hutolewa kidogo kidogo, hairudishwi, na hutolewa na mtu mwenye shida halisi atakayekuwa mnunuzi. Mahali penye umeme mbovu, utafiti wa umeme hutangulia utafiti mwingine.

Je, pesa hizo huzaa?

Mwenye shaka hapa ana haki ya kusimama. Mtu akipewa pesa bure, si atakula?

Mchumi Sabrina Howell aliichunguza Idara ya Nishati ya Marekani yenyewe, kwa maombi ya miaka 30. Idara huwapanga waombaji kwa alama, kisha inachora mstari. Yeye akawalinganisha waliopita mstari kidogo na walioukosa kidogo, watu ambao kwa uwezo walikuwa karibu sawa. Utafiti wake ulitoka 2017. Waliopata pesa ya ngazi ya kwanza, ambayo wakati huo ilikuwa dola 150,000, walikuwa na nafasi karibu mara mbili ya kuwapata wawekezaji baadaye: kutoka asilimia 10 hadi 19 hivi. Mauzo yao yaliongezeka pia. Pesa kubwa ya ngazi ya pili haikuonyesha matokeo ya kulingana na hayo.

Soma tena hapo. Kiasi kidogo cha mwanzo ndicho kilichofanya kazi. Kwa nini? Kwa sababu kililipia kifaa cha kwanza, na mwekezaji anayekiona kifaa kikifanya kazi anaacha kubishana na maneno.

Mpango una ila zake, na si ndogo. Zipo kampuni zilizogeuza kuomba kuwa biashara: zinashinda mwaka baada ya mwaka, zinaandika ripoti nzuri, haziuzi kitu. Pesa nyingi huenda majimbo machache tajiri, California na Massachusetts yakiongoza. Kumekuwa na walioshtakiwa kwa udanganyifu. Sioni kwamba ila hizi zinauangusha mpango, lakini zinatuonya kwamba Kinshasa ikianzisha fungu kama hilo bila kutangaza majina ya walioshinda na matokeo ya kila jaribio, yakiwamo yaliyoshindwa, litaliwa kabla halijafika Kisangani, sembuse Bunia.

Kongo ilianza zamani

Wengi hawajui kwamba mtambo wa kwanza wa nyuklia barani Afrika uliwashwa Kinshasa, Juni 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, katika chuo kikuu cha Lovanium. Uliitwa TRICO I, wa kilowati 50, na nyuma yake alikuwa padri na mwanafizikia Luc Gillon, mkuu wa chuo hicho. Hoja yake ilieleweka: urani ya mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, ilikuwa imekwenda Marekani, basi nchi iliyoitoa ipate angalau mtambo wa kufundishia. TRICO II, wa megawati 1, ulifuata 1972. Umesimama tangu 2004.

Ulikuwa utafiti wa serikali, lakini wa mlimani. Haukuwa na ngazi za kuushusha hadi kwenye karakana. Jengo moja, wataalamu wachache, mji mkuu mmoja. Bajeti ilipokauka kila kitu kikakauka nayo.

Linganisha na kilichotokea mashariki bila serikali. Kampuni ya Nuru, iliyoanzishwa 2015 kwa jina la Kivu Green Energy, ilijaribu mtandao mdogo wa jua Beni mwaka 2017, kilowati 55 tu. Mwaka 2020 ikawasha Goma, kwenye mtaa wa Ndosho, mtambo wa megawati 1.3. Mwaka 2023 ikatangaza kupata zaidi ya dola milioni 40 za wawekezaji, zikilenga miji mitatu: Goma, Kindu na Bunia. Zile ni ngazi tatu zile zile, isipokuwa aliyezilipia si hazina ya taifa. Sheria ya umeme ya Juni 2014 ndiyo iliyofungua mlango, kwa kuondoa ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa. Serikali ilifungua mlango, ikabaki mlangoni.

Na mnunuzi? Tazama jirani, Haut-Uélé. Mgodi wa dhahabu wa Kibali umejenga mitambo mitatu ya maji: Nzoro II, Ambarau na Azambi. Wa mwisho, Azambi, uliokamilika 2018, ulijengwa na wakandarasi Wakongomani. Hawakuzuka siku moja. Walipewa kazi ndogo katika miradi ya kwanza, wakapimwa, wakapewa kubwa. Mgodi ulifanya hivyo kwa faida yake. Serikali ingeweza kufanya hivyo kwa faida ya wote, na yenyewe ndiyo yenye shule, vituo vya afya na kambi zinazohitaji umeme kila usiku.

Vipande vingine vipo. Septemba 2022 Kongo ilipata sheria ya kukuza ujasiriamali na makampuni machanga. Kabla yake mradi wa PADMPME, kwa fedha za Benki ya Dunia, uliendesha mashindano ya mipango ya biashara Kinshasa, Matadi, Lubumbashi na Goma. Ni hatua njema. Lakini anayeshinda mashindano ya mpango wa biashara ni mtu anayejua atauza nini. Fundi wetu wa seli 100 hana mpango, ana swali. Fomu yake bado haijachapishwa.

Jirani zetu wameitazama shida hii kwa njia zao. Kenya, katika sheria ya sayansi ya 2013, iliunda Mfuko wa Taifa wa Utafiti na kuandika kwamba asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Kuandika na kutoa ni vitu viwili. Tanzania ina COSTECH, tume yake ya sayansi na teknolojia, na tangu 2019 mashindano ya MAKISATU, ambayo humfikia hata fundi asiye na cheti. Kitu hicho cha mwisho kingefaa kuigwa. Anayefungua betri katika mtaa wa Mudzi Pela, Bunia, huenda hakumaliza sekondari, na fomu ya Kifaransa ya kurasa 40 ingemwacha nje kabla ya jaribio kuanza.

Ituri ianzie wapi

Tangu Mei 2021 Ituri imewekwa chini ya utawala wa kijeshi na bunge la jimbo likasimamishwa, kwa hiyo njia ya kawaida ya kudai fungu katika bajeti ya jimbo imeziba. Pesa, hata hivyo, si jambo la kuota. Kanuni ya madini ya 2018 inagawa mrabaha unaolipwa na migodi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za mahali, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Asilimia 3.2 ya fungu lolote kati ya hayo ingelipia majaribio mengi ya ukubwa wetu, maana jaribio la seli 100 halihitaji dola 200,000. Linahitaji kifaa cha kupimia, seli, paneli za kuendesha kazi, na posho ya fundi na mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Bunia au cha Shalom.

Wabunge wa Ituri walioko Kinshasa waulizwe jambo moja kila wanaporudi kuomba kura: ni hospitali gani, shule gani au ofisi gani ya serikali itatangaza shida yake ya umeme hadharani na kuahidi kununua jibu? Bila mnunuzi, fungu litakuwa zawadi, na zawadi zina wenyewe.

Nawe mwenye karakana usingoje fomu. Nunua daftari. Kila betri unayoiunda ipe namba. Andika tarehe, seli ngapi, zimetoka wapi, volti kabla na baada, na siku iliporudi imekufa. Mwambie mteja airudishe hata kama hataki itengenezwe. Siku ofisi yoyote, ya serikali au ya mfadhili, itakapokuja Bunia kutafuta wa kumlipia jaribio, itamuuliza kila fundi umepima nini, na mwenye daftari ndiye atakayekuwa na la kujibu.